Mizani ya Adhabu: Funzo kutoka Milima ya Uluguru

Hakuna jamii ya wanadamu iliyopata kuishi bila ya adhabu. Mwizi akiachwa, wengi watauona wizi kuwa kazi. Mchoma msitu akiachwa, chemchemi zitakauka na watoto wa jirani watakosa maji. Wazee wetu walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na usemi huo una ukweli wake. Lakini hakuna pia jamii iliyodumu katika heshima bila ya kujua mahali ambapo adhabu hukoma na dhuluma huanza. Mpaka huo ndio tunaokusudia kuutafuta katika insha hii: ni nini maana ya adhabu iliyopita kiasi mbele ya sheria, na maana hiyo imetufikiaje sisi wananchi wa Tanzania.

Tumechagua kuutafuta mpaka huo katika milima ya Uluguru, na hasa katika tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, katika Wilaya ya Mvomero ya leo. Msomaji aweza kushangaa kwa nini jambo la mahakimu na vitabu vya sheria litafutwe katika mashamba ya kabichi, karoti na njegere. Jibu letu ni kwamba miteremko ya Mgeta imechongwa ngazi, na ngazi hizo ni ushahidi katika kesi ya zamani ambayo hukumu yake ingali na manufaa kwetu. Kabla ya kuufikia ushahidi huo, hatuna budi kwanza kuyapima maneno yenyewe.

Neno adhabu tulilipokea kutoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mateso na maumivu. Neno kiasi nalo lina asili hiyo hiyo, na maana yake ni kupima na kulinganisha. Basi lugha yetu imetupa mateso kwa upande mmoja na kipimo kwa upande wa pili, na kazi ya sheria ni kuyaweka hayo mawili pamoja. Sisi tulio watungaji wa mashairi tunalo neno jingine lifaalo, nalo ni mizani. Ubeti uliopungukiwa au kuzidiwa mizani huitwa guni, hata kama maneno yake ni matamu. Vivyo hivyo adhabu iliyozidi mizani, hata ikitolewa na mahakama halali kwa kosa la kweli, huacha kuwa haki.

Wanasheria huupima uzito huo kwa njia tatu. Kipimo cha kwanza ni kosa: je, adhabu inalingana na ubaya uliotendwa? Mtu aliyeiba kuku hawezi kuadhibiwa sawa na aliyeua. Kipimo cha pili ni lengo: je, adhabu inafikia lile iliyokusudiwa kulifikia, nayo haizidi kile kinachohitajika ili kulifikia? Kipimo cha tatu ni utu: je, adhabu yenyewe, kwa namna yake, inamgeuza binadamu kuwa mnyama au kitu? Adhabu yaweza kufaulu kipimo cha kwanza ikashindwa cha tatu. Na yaweza kuwa ndogo machoni pa hakimu, lakini ikawa kubwa kwa sababu haina faida yoyote. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kuwa adhabu kali ni ile tu yenye damu.

Mawazo haya yana historia ndefu duniani. Mwaka 1685 huko Uingereza mtu mmoja aitwaye Titus Oates alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo, na uongo wake ulikuwa umewapeleka watu wasio na hatia kwenye kifo. Mahakimu walimtoza faini, wakamfunga maisha, wakaamuru apigwe mijeledi akipitishwa barabarani, na kila mwaka hadi kufa kwake asimamishwe hadharani akiwa amebanwa shingo na mikono katika ubao. Oates hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Hata hivyo watu waliiona hukumu ile kuwa imevuka mpaka, na mwaka 1689 Bunge la nchi hiyo lilipoandika Hati ya Haki, lilikataza faini zilizopita kiasi na adhabu za kikatili zisizo za kawaida. Wamarekani waliyachukua maneno hayo na kuyaingiza katika katiba yao mwaka 1791. Na baada ya maafa ya Vita Vikuu vya Pili, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 likakataza kwa watu wote mateso na adhabu za kikatili, za kinyama na za kudhalilisha.

Tulizingatie jambo hilo la Oates. Mpaka wa adhabu haukuwekwa kwa ajili ya watu wema, kwani mtu mwema haadhibiwi. Uliwekwa kwa ajili ya mkosaji, tena mkosaji anayechukiwa, kwa sababu huyo ndiye ambaye hakuna atakayemtetea.

Tuje sasa nyumbani. Kabla ya kuja kwa wageni, Waluguru walikuwa na wanaendelea kuwa watu wa koo zinazofuata upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Na ugomvi ulipotokea wazee wa koo mbili walikaa na kuamua fidia. Katika mfumo wa namna hiyo kosa la mtu lilikuwa deni la ndugu zake, na lengo la hukumu lilikuwa kurudisha amani baina ya watu ambao kesho watachota maji katika kijito kimoja. Hatusemi kuwa zama hizo zilikuwa za asali tupu. Katika nchi za ukanda wetu, katika karne ya 19, ukoo ulioshindwa kulipa uliweza kumtoa mtu wake rehani, na huyo aliyewekwa rehani mara nyingine aliishia utumwani. Sehemu mbalimbali watu waliotuhumiwa uchawi walinyweshwa mwavi, na aliyekufa akahesabiwa kuwa na hatia. Ukatili haukuletwa wote kwa meli. Ila kilicholetwa kwa meli ni ukatili ulioandikwa, ukahesabiwa na kutiwa muhuri wa dola.

Wajerumani walipoitawala nchi yetu, amri ya Chansela wao ya mwezi wa Aprili 1896 iliwapa watawala wa makoloni ya Afrika Mashariki, Kameruni na Togo madaraka ya kuwahukumu wenyeji kwa viboko, faini, kifungo cha minyororo na kifo. Amri hiyo iliweka pia mipaka. Mapigo hayakupaswa kuzidi 25 kwa mara moja. Hukumu iliweza kutekelezwa kwa mikupuo miwili, lakini ule wa pili usubiri wiki mbili. Mzungu awepo akishuhudia, na daktari akipatikana naye awepo. Wanawake wasipigwe. Waarabu na Wahindi wasipigwe. Mwafrika mwanamume ndiye aliyebaki.

Wananchi waliipa hesabu hiyo jina, wakaiita hamsa ishirini, na jina hilo lilibaki midomoni mwa wazee miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Mnyama kiboko naye akapata sifa mbaya asiyostahili, kwa kuwa ngozi yake ndiyo iliyokatwa kuwa mjeledi. Na hata leo, fimbo yoyote ya kuadhibia, ikiwa ya mti au ya mpira, twaiita kiboko. Kati ya 1901 na 1913 hukumu za viboko zilizoandikwa rasmi katika koloni hilo zilizidi 64,000. Hizo ni zile zilizoandikwa. Waliopigwa na wenye mashamba ya mkonge na wasimamizi wa kazi za reli hawakuingia wote katika vitabu.

Hapa lipo funzo la kwanza kwa mwanafunzi wa sheria. Amri ya 1896 ilikuwa na kipimo: mapigo yalihesabiwa, wiki zilihesabiwa, daktari aliitwa. Lakini ilipima maumivu bila kumpima mtu. Haikuuliza hata kidogo kwa nini mwili wa Mwafrika upigwe na mwili wa mwingine usipigwe kwa kosa lile lile. Sheria inayohesabu mapigo lakini isiyojali utu haikuweka mpaka wa ukatili; imeuwekea utaratibu tu.

Waingereza walipochukua utawala baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walikuja na maneno mengine. Kanuni ya Adhabu waliyoitunga mwaka 1930, ambayo pamoja na marekebisho mengi ndiyo msingi wa sheria yetu ya jinai hadi leo, ilirithi lile wazo la 1689: pale ambapo sheria haikutaja kiwango cha faini, mahakama yaweza kutoza kiasi chochote, lakini faini hiyo isizidi kiasi cha haki. Haya ni maneno mema. Taabu ni kwamba wananchi walio wengi hawakuhukumiwa katika mahakama zilizozoea kuyapima maneno hayo. Kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, sultani na majumbe walipewa uwezo wa kutoa amri za kilimo, za kodi na za kazi, na asiyetii alikuwa mkosaji. Kisha kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, mahakama za masultani ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu, na rufaa zikawa zinakwenda kwa bwana shauri wa wilaya na kwa mkuu wa jimbo. Maana yake ni kwamba aliyetoa amri ndiye aliyehukumu, na aliyemtuma kutoa amri ndiye aliyesikiliza rufaa. Mizani ilikuwapo, bali ilishikwa na muuzaji peke yake.

Matunda ya mpango huo yalionekana Uluguru. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu juu ya udongo. Milima hiyo ina miteremko mikali na mvua nyingi, na mito yake huingia Mto Ruvu. Udongo ulikuwa ukiporomoka, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1950 ukaanzishwa mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na shina lake lilikuwa matuta ya ngazi. Wenyeji waliamriwa kuichonga miteremko na kuacha kuchoma mashamba. Aliyekataa au kuchelewa alipelekwa katika mahakama ya wenyeji akatozwa faini, na wengine wakafungwa.

Yafaa tuangalie jinsi ngazi inavyochongwa, kwa kuwa humo ndimo siri ilimo. Mkulima hukata mteremko, akatupa udongo wa juu chini, na kuufunua udongo wa ndani, ulio mwekundu na usio na rutuba. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo mweusi wa juu ni mwembamba. Basi mtu alifanya kazi ya siku nyingi, akapanda mahindi juu ya ngazi mpya, akavuna pungufu ya alivyovuna zamani. Tena kazi hiyo ilikuwa nzito mno kwa akina mama, ambao jembe lilikuwa mikononi mwao kila siku. Na lilikuwapo jambo la umiliki. Wengi walilima ardhi ya ukoo usio wao kwa kutoa zawadi ya heshima iitwayo ngoto. Mwenye ardhi aliogopa kuwa mgeni akichonga ngazi atajifanya mwenyeji. Mgeni naye aliogopa kutoa jasho katika ardhi itakayorudishwa kwa wenyewe. Mkoloni hakuyapima hayo. Alipima urefu wa matuta.

Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, wananchi walikusanyika kuyakataa matuta. Fujo zilitokea, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ulivunjika baada ya hapo, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata wafuasi wengi milimani humo.

Sasa tuite ushahidi wetu wa Mgeta. Katika Mgeta, ambako mpango ulikuwa ule ule na serikali ilikuwa ile ile, ngazi zilipokewa na zikadumu. Hata baada ya faini na vitisho kukoma, wakulima waliendelea kuzitunza. Anayepanda leo kwenda Nyandira au Tchenzema ataona miteremko iliyopangika ngazi juu ya ngazi. Kwa nini? Si kwa sababu watu wa Mgeta ni watiifu zaidi kuliko ndugu zao wa Matombo. Ni kwa sababu hali ya hewa ya ubaridi iliwawezesha kulima mboga za kizungu, mboga ambazo zilikuwa zimeingia milimani tangu zama za Wajerumani na wamisionari. Mboga zilipata soko mjini Morogoro na Dar es Salaam. Ngazi ilishika maji ya mifereji, ikashika samadi, na ikarudisha jasho la mkulima kwa fedha. Palipokuwa na faida, fimbo haikuhitajika. Na palipokosekana faida, fimbo haikutosha.

Kwa lugha ya sheria, ushahidi huo unahusu kipimo cha pili, kipimo cha lengo. Lengo la kuhifadhi udongo lilikuwa jema. Faini moja moja pengine haikuwa kubwa katika daftari la karani. Lakini adhabu isiyoweza kufikia lengo lake, kwa kuwa inamtaka mtu atende jambo linaloipunguzia familia yake chakula, ni adhabu iliyopita kiasi hata ikiwa ya shilingi chache. Imezidi kwa sababu kila senti yake ni maumivu matupu. Na Mgeta inathibitisha kuwa njia nyingine ilikuwapo, katika milima hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo.

Tukumbuke pia kuwa Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kuwa mwezi wa Novemba 1949 Baraza Kuu la Umoja huo lilikuwa limetaka adhabu ya viboko ikomeshwe kabisa na bila kuchelewa katika nchi zote za udhamini. Viboko havikukomeshwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyekaa mbali na mgongo unaopigwa hana haraka.

Msomaji atatarajia tuseme kuwa uhuru uliyamaliza hayo yote. Insha ya utamaduni wa taifa haina faida isipowaambia wananchi ukweli. Mengi yalirekebishwa. Mwaka 1963 madaraka ya masultani yalifutwa, na kwa sheria ya mahakama ya mwaka huo mahakama za wenyeji ziligeuka kuwa mahakama za mwanzo, zikaunganishwa kwa ngazi za rufaa hadi Mahakama Kuu. Mizani ilitolewa mikononi mwa mtoa amri. Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyosifiwa.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 1963 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini. Waliotiwa hatiani kwa makosa kama rushwa, wizi wa mali ya umma na wizi wa mifugo walipaswa kufungwa si chini ya miaka miwili na kupigwa viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, na kumi na viwili siku ya kutoka. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa taifa changa lilikuwa likiibiwa. Lakini tuvitazame vile viboko vya kutoka. Mtu amekwisha kutumikia kifungo chake, mkewe anamngoja nje ya lango, naye arudishwe kwao na mgongo uliochanika. Kwa kipimo cha utu, na hata cha lengo, mapigo yale ya pili yalikuwa magumu kutetewa. Tena sheria iliyoweka kima cha chini ilimfunga hakimu mikono. Isipokuwa katika hali chache, hakuweza kuangalia kama mbele yake amesimama tajiri aliyekula rushwa ama maskini aliyeiba kwa njaa. Mwaka 1972 Bunge liliitunga upya sheria hiyo na kuviondoa viboko vya lazima. Mwaka 1989, ujambazi ulipozidi, viboko vikarejeshwa. Kupanda na kushuka huko kwaonyesha kuwa swali lenyewe halijakwisha katika mioyo yetu.

Katika kipindi hicho mlango mwingine ulifunguliwa. Marekebisho ya Katiba ya 1984 yaliingiza Hati ya Haki za Binadamu, na tangu mwezi wa Machi 1988 mwananchi aliweza kwenda mahakamani kuzidai. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama, au kupewa adhabu zinazomtweza na kumdhalilisha. Hapo lile lililokuwa huruma ya mtawala likawa haki ya raia.

Jaribio kubwa la maneno hayo lilikuja katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake, waliotiwa hatiani kwa kuua. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, na kwa hiyo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali sehemu ya kwanza ya uamuzi huo, kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu. Lakini ilisema kuwa Katiba, katika ibara ya 30, yaruhusu sheria kupunguza haki kwa manufaa ya umma, ilimradi sheria hiyo isiwe ya kuonea na isizidi kile kinachohitajika kwa busara ili kufikia lengo halali. Kwa kipimo hicho adhabu ya kifo ikabaki. Baadaye, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, kuwa kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo bila ya kumwachia nafasi ya kupima kunavunja haki ya uhai, na kuwa kunyonga kunavunja heshima ya utu.

Wasomaji watatofautiana juu ya hukumu hizo, na wana haki ya kutofautiana. Sisi twaomba waone jambo moja tu. Majaji wa Dodoma na wa Arusha, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakiuliza maswali yale yale ambayo wakulima wa Uluguru waliyauliza mwaka 1955 bila kujua Kiingereza cha mahakama: je, adhabu hii yalingana na kosa? Je, inahitajika ili kufikia lengo? Je, yanifanya niwe mtu au niwe mnyama? Na swali la Arusha liliongeza la nne: je, anayenihukumu ameachiwa nafasi ya kunipima mimi, au amepewa hukumu iliyokwisha kuandikwa?

Adhabu iliyopita kiasi haikai gerezani na mahakamani peke yake. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zimeweka kuwa mtoto asipigwe viboko zaidi ya vinne kwa mara moja, kwa kosa zito, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena adhabu iandikwe kitabuni. Anayempiga mtoto nje ya mpaka huo hatekelezi nidhamu. Anavunja sheria mbele ya mtoto anayefundishwa kuitii. Na hata ndani ya mpaka huo, kila mzazi ana haki ya kuuliza kama hesabu ya viboko yatosha kuitwa kipimo, baada ya yote tuliyojifunza kutoka hamsa ishirini.

Twamalizia pale ambapo jambo hili linawagusa watu wa Mgeta leo. Misitu ya milima yao ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008, na maji yatokayo humo hufika kwa mamilioni ya watu wa Dar es Salaam kupitia Mto Ruvu. Hofu ya mwaka 1950 imerudi, nayo ni ya haki: udongo ungali waporomoka, na kingo za mito zingali zalimwa. Chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982, vijiji na halmashauri vina uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuweka faini. Uwezo huo ni wa wananchi wenyewe, si wa bwana shauri. Lakini mwananchi naye aweza kumdhulumu mwananchi. Faini inayomeza mavuno yote ya mkulima wa karoti kwa sababu mtoto wake alichunga mbuzi kando ya kijito, ikitozwa na wale wale walioiweka, wakaitia mfukoni bila stakabadhi, haina tofauti na ile iliyotozwa na jumbe.

Basi mkutano wa kijiji unapokaa kupanga adhabu, na upime kwanza kosa, kisha lengo, kisha utu wa mtu. Na uhakikishe kuwa anayeshika mizani si yule aliyeudhiwa, na kuwa ipo njia ya kukata rufaa iliyo wazi na ya karibu. Na kabla ya kuandika kima cha faini, wajumbe wainue macho wazitazame ngazi za mashamba yao. Hazikushikiliwa pale na gereza.